Muhuri Ndio Ruhusa: Karatasi za Msafiri wa Begi Mgongoni, Kutoka Dar au Nairobi Hadi Cape Town

Mtanzania au Mkenya anayekwenda Cape Town kwa barabara, begi mgongoni, kupitia Malawi, Zambia na Zimbabwe, haombi viza hata moja. Nchi hizo, na Afrika Kusini yenyewe, humpokea mpakani kwa pasipoti yake. Habari hiyo ni njema, na ndiyo inayowaponza wengi. Mtu akisikia "hakuna viza", moyoni husikia "hakuna masharti". Anafungasha, anapanda basi, na siku ya tatu yuko kwenye benchi la uhamiaji ugenini akisubiri gari la kumrudisha alikotoka.

Aliyesamehewa viza amesamehewa hatua moja tu, ile ya kuomba kabla ya kusafiri. Kama ataingia, na kama atakaa siku 7 au 90, bado huamuliwa na afisa aliye mbele yake, na uamuzi huo huandikwa kwa muhuri. Kwa msafiri wa barabara, muhuri ndio ruhusa. Pasipoti ni daftari la kuubebea. Ukilishika hilo, nusu ya matatizo ya mpakani utayaona kabla hayajakufika.

Muhuri wa kuingia hubeba mambo matatu: jina la mpaka, tarehe, na siku ulizopewa au siku ya mwisho ya kukaa. Katika mipaka mingi ya kusini siku bado huandikwa kwa kalamu, ndani ya muhuri au pembeni yake, na mwandiko wa afisa aliyekesha haueleweki vizuri: 30 inaweza kusomeka 20, tarehe 1 ikafanana na 7. Soma muhuri wako ukiwa bado dirishani. Kosa likionekana hapo, afisa huyohuyo hulisahihisha na kutia saini kwa dakika moja. Likionekana siku ya kutoka, kwenye mpaka mwingine, mbele ya afisa mwingine, halihesabiwi tena kuwa kosa la kalamu. Wewe ndiye uliyezidisha siku, na mzigo wa kuthibitisha vinginevyo ni wako.

Kuna tofauti pia kati ya siku ambazo sheria inaruhusu na siku ulizopewa. Zambia na Malawi mara nyingi hugonga siku 30 za mwanzo hata kwa raia ambaye angeweza kukaa zaidi. Anayetaka zaidi huenda ofisi ya uhamiaji ya ndani ya nchi kuongeza, kabla ya siku ya mwisho. Hata kwetu Afrika Mashariki ni hivyo. Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza kazi mwaka 2010 inamwezesha raia wa Jumuiya kupewa kibali cha kukaa hadi miezi 6, lakini kibali ni kile kilichogongwa. Mkenya aliyegongewa siku chache Namanga hana miezi 6 mfukoni kwa sababu tu itifaki ipo. Basi sema mapema, kabla muhuri haujashuka: "Naomba siku 40, nitapita Mbeya hadi Malawi." Ni rahisi kumwomba afisa siku kabla hajaandika kuliko kumwomba afute.

Ukihesabu siku, siku ya kuingia ihesabu kuwa ya kwanza. Aliyeingia tarehe 1 Machi kwa siku 30, siku yake ya mwisho ni tarehe 30 Machi, na tarehe 31 amechelewa. Usipange kutoka siku ya mwisho yenyewe. Basi huharibika na daraja huzibwa na malori. Acha siku 3 za akiba.

Sasa daftari lenyewe.

Kanuni inayotumika sana ni pasipoti iwe na miezi 6 mbele. Afrika Kusini ni laini kidogo, kwani inataka pasipoti idumu angalau siku 30 baada ya siku unayokusudia kuondoka. Lakini usipime safari kwa nchi iliyo laini kuliko zote. Utazipita nyingine kabla ya kuifikia, na utazipita tena kurudi. Pima kwa nchi kali kuliko zote njiani, na uhesabu miezi 6 kuanzia siku ya kurudi nyumbani.

Kurasa huwashangaza watu zaidi kuliko tarehe. Hesabu nasi: Tanzania muhuri 1 wa kutoka, Malawi 2, Zambia 2, Zimbabwe 2, Afrika Kusini 1 wa kuingia. Hiyo ni mihuri 8 kwa kwenda tu. Ukirudi njia ileile unaongeza 8, jumla 16. Mkenya anayeanzia Namanga anaongeza 2 kila upande, jumla 20. Ukurasa mmoja unaweza kubeba mihuri 4, kwa hiyo kwa hesabu ya darasani kurasa 5 zinatosha. Mpakani hazitoshi, kwa sababu maafisa hawajazi ukurasa kwa mpangilio. Mmoja hugonga katikati ya ukurasa mtupu, mwingine hufungua kokote kidole kilipoangukia. Beba angalau kurasa 8 tupu, na 2 kati yake ziwe zinatazamana. Kurasa za mwisho zilizoandikwa kwa ajili ya maelezo hazihesabiki. Ni halali kabisa kumwomba afisa kwa adabu, "Mkuu, naomba ugonge hapa," huku ukiwa umeshafungua ukurasa wenye nafasi. Wengi hukubali. Kenya hutoa pasipoti za kurasa 34, 50 na 66, na kwa mtu mwenye nia ya kutembea bara hili kwa miguu na mabasi, ile ya 34 ni akiba ya uongo.

Hali ya kitabu nayo hukaguliwa. Ukurasa wa picha ulioingia maji, jalada lililoachana na uzi, ukurasa uliochanwa nusu, au muhuri wa kumbukumbu uliogongesha mwenyewe kwenye kivutio cha watalii: kila kimoja kinampa afisa sababu ya kusema pasipoti imeharibiwa. Usigongeshe muhuri wowote usio wa uhamiaji. Tia saini mahali pa saini. Jina lifanane herufi kwa herufi na lile la kwenye kadi ya chanjo na tiketi. Kwa Watanzania tofauti hii huanzia nyumbani, pale cheti cha kuzaliwa kinaposema Hamisi na kitambulisho cha NIDA kikasema Khamis. Irekebishe kabla ya kuomba pasipoti, kwa sababu kosa likishaingia humo utalisafirisha kwa miaka 10.

Neno moja kuhusu vitambulisho vya taifa. Tangu mwaka 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kuvukiana mipaka kwa kitambulisho. Tanzania haimo katika mpango huo. Kosa linalojirudia ni hili: kijana anatoka Nairobi na kitambulisho, anapita Busia bila shida, anatembea Kampala wiki mbili, kisha anaamua kurudi kwa kuzunguka Bukoba na Mwanza. Akifika Mutukula anagonga mwamba, maana upande wa Tanzania unataka pasipoti au hati ya muda ya kusafiria ambayo alipaswa kuichukua nyumbani. Hati hizo za muda zinafaa kwa safari fupi za jirani. Usianze nayo safari ya Cape Town.

Na usipime safari yako kwa pasipoti ya mwenzako. Mkenya aliingia Afrika Kusini kwa viza miaka mingi, na msamaha wa siku 90 ulianza tarehe 1 Januari 2023 tu. Mganda au Mnyarwanda aliyeketi kiti cha pili kwenye basi hilohilo anaweza kuwa na masharti mengine kabisa. Mzungu mliyekutana naye Nkhata Bay, Malawi, naye ana yake. Kwake yeye ile viza ya pamoja ya Zambia na Zimbabwe iitwayo KAZA, dola 50 kwa siku 30, yenye ruhusa ya kuingia Botswana kwa matembezi ya siku moja kupitia Kazungula, ni jambo la maana. Kwako haina kazi, kwa sababu huhitaji viza ya nchi hizo. Wapo wanaoinunua kwa kufuata mkumbo.

Kadi ya njano

Hapa ndipo tunapowaomba wasomaji wasifanye mzaha. Cheti cha kimataifa cha chanjo ya homa ya manjano, kile kijitabu cha njano, ndicho karatasi inayorudisha watu wengi wenye pasipoti safi.

Kanuni zake ni chache na hazipindwi. Chanjo ni dozi moja. Cheti huanza kuwa halali siku 10 baada ya kuchanjwa, kwa hiyo aliyechanjwa Jumatatu na kupanda basi Alhamisi anatembea na karatasi ambayo bado haijaanza kazi. Tangu tarehe 11 Julai 2016 cheti ni cha maisha, hata kile cha zamani kilichoandikwa miaka 10. Afisa akikuambia chako cha mwaka 2009 kimekwisha, mweleze kwa upole kuhusu badiliko hilo, ambalo limo katika Kanuni za Afya za Kimataifa na linazihusu nchi zote zinazozifuata.

Cheti lazima kijazwe kwa Kiingereza au Kifaransa, kiwe na saini ya mtoa huduma, muhuri rasmi wa kituo kilichoidhinishwa, na namba ya toleo la chanjo. Kikifutwa au kuandikwa juu yake mahali popote kinabatilika chote. Mwuguzi akikosea tarehe na kuchora mstari juu yake, mwombe kijitabu kipya palepale. Usione aibu kufanya hivyo, kwa sababu Beitbridge, mpakani mwa Zimbabwe na Afrika Kusini, hakuna atakayekuelewa.

Nani anaulizwa? Shirika la Afya Duniani linazihesabu Kenya, Uganda, Burundi na Kongo kuwa na hatari ya ugonjwa huu, wakati Tanzania, Rwanda na Zambia zimewekwa katika kundi la hatari ndogo. Kwa hiyo Mkenya huulizwa kadi tangu anapoingia Tanzania. Mtanzania anayetoka Mbeya moja kwa moja kwenda kusini kwa kawaida ana nafuu, lakini nafuu hiyo hufuata njia aliyopita, haifuati uraia wake. Virusi hukaa mwilini hadi siku 6 kabla ya dalili, na ndiyo sababu afisa wa afya hupekua mihuri ya siku za karibuni. Mtanzania aliyeanza kwa kutembea Nairobi kisha akaruka hadi Johannesburg anahesabika kama mtu aliyetoka Kenya. Kurudi pia: anayerudi kwa ndege akakaa zaidi ya saa 12 katika uwanja wa nchi yenye hatari, naye huingia katika hesabu hiyo. Ushauri wetu ni kwamba kila mwenye afya inayoruhusu achanje, awe anatoka Tanga au Kisumu.

Tunasema "afya inayoruhusu" kwa makusudi. Chanjo hii ina virusi hai vilivyodhoofishwa. Mjamzito, mtu mwenye kinga iliyoshuka sana, mwenye mzio mkali wa mayai, na mtu wa miaka 60 au zaidi anayechanjwa kwa mara ya kwanza, wote wazungumze na daktari kwanza. Daktari akiona haifai, huandika msamaha wa kitabibu wenye saini na muhuri, na karatasi hiyo ndiyo hubebwa badala ya kadi. Nchi nyingi huupokea, ingawa unaweza kuwekwa chini ya uangalizi wa afya.

Zipo kadi zinazouzwa kando ya mipaka, zimegongwa muhuri, bila sindano. Anayeinunua anakiuka sheria za nchi mbili kwa wakati mmoja, na anakwenda kulala katika misitu yenye mbu akiwa hana kinga. Ugonjwa huu hauna dawa ya kuutibu, na hospitali hutibu dalili tu. Hatutaki kusoma habari za msomaji wetu kwa sababu ya kuokoa siku 10.

Dirishani

Mipaka mingi ya njia hii sasa ina vituo vya pamoja: Namanga, Holili na Taveta, Horohoro na Lunga Lunga, Tunduma na Nakonde. Chirundu, kati ya Zambia na Zimbabwe, ndicho kilichotangulia vyote Afrika, mwaka 2009. Namna vinavyofanya kazi huwachanganya waenda kwa miguu. Katika kituo cha pamoja unapita jengo la nchi unayoiacha bila kusimama, na unamaliza mambo yote mawili katika jengo la nchi unayoingia. Anayetoka Tunduma kwenda Zambia anagongewa muhuri wa kutoka Tanzania na wa kuingia Zambia chini ya paa moja upande wa Nakonde. Madirisha ni mawili, mara nyingi yanapakana. Mtu mwenye haraka hugongewa moja, akaona muhuri mpya, akaondoka. Bila muhuri wa kutoka, Tanzania bado inakuhesabu uko ndani. Bila wa kuingia, Zambia inakuhesabu umeingia kwa njia ya panya. Kabla ya kuvaa begi, hakikisha una mihuri miwili ya tarehe moja.

Beitbridge si kituo cha pamoja. Unagongewa kutoka upande wa Zimbabwe, unavuka mto Limpopo, kisha unaanza upya upande wa Afrika Kusini. Mpaka huu unafanya kazi saa 24 na una msongamano mkubwa, hasa Desemba na Pasaka. Usipange kuupita kati ya tarehe 15 Desemba na mwaka mpya kama una namna nyingine. Namna nyingine ipo: kutoka Zambia unavuka daraja la Kazungula, lenye urefu wa mita 923, lililofunguliwa Mei 2021 badala ya pantoni, unaingia Botswana, unapita Gaborone na kuingia Afrika Kusini kupitia Tlokweng. Mihuri ni ileile kwa idadi, kwa kuwa Botswana inachukua nafasi ya Zimbabwe, na foleni kwa kawaida ni fupi zaidi.

Jambo la saa linaonekana dogo. Tanzania na Kenya ziko saa moja mbele ya Malawi, Zambia, Zimbabwe na Afrika Kusini. Tunduma ikiwa saa 4 asubuhi, Nakonde ni saa 3. Kwenda kusini unapata saa moja ya bure. Kurudi kaskazini unaipoteza, na dirisha linalofungwa saa 12 jioni kwa saa za Tanzania, kwenye simu yako yenye saa za Zambia litakuwa limefungwa saa 11.

Kondakta wa basi anaweza kukusanya pasipoti za abiria wote ili "aharakishe". Usimpe. Uso wako unapaswa kuwa mbele ya afisa pamoja na pasipoti yako. Muhuri uliopatikana bila wewe kuwepo unaweza usiwe na kumbukumbu katika mfumo wa kompyuta, na siku ya kutoka utaonekana hukuwahi kuingia. Vishoka wanaojitolea kukusaidia kujaza fomu nao ni hivyohivyo. Fomu za uhamiaji ni za bure na zinahitaji mambo unayoyajua: jina, namba ya pasipoti, kazi, sababu ya safari, anwani ya kufikia. Kalamu uwe nayo mwenyewe.

Anwani ya kufikia iwe kamili. "Kwa rafiki" au "Lusaka mjini" haitoshi. Andika jina la nyumba ya wageni, mtaa na simu, hata kama utalala hapo usiku mmoja tu. Sababu ya safari iandike matembezi ikiwa ni matembezi. Wasafiri wengi wa begi hufanya kazi ya mapokezi au usafi kwenye hosteli ili wapate kitanda cha bure, na huona kwamba kwa kuwa hakuna mshahara si kazi. Uhamiaji huona ni kazi. Kujitolea shuleni au kwenye kituo cha watoto nako huhitaji kibali chake. Ukimwambia afisa kwa bashasha kwamba unakwenda kufundisha wiki tatu, umejinyima muhuri wa mtalii kwa mdomo wako mwenyewe. Tafuta kibali sahihi kabla, au uende kama mtalii na utembee kama mtalii.

Fedha na njia ya kutoka huulizwa zaidi kadiri unavyoshuka kusini. Beba taarifa ya benki ya miezi 3 iliyogongwa muhuri, na taslimu kiasi cha kuonekana. Tiketi ya kurudi ni ngumu kwa msafiri asiyejua atatoka lini. Tiketi ya basi ya kutoka nchi hiyo kwenda inayofuata inasaidia, pamoja na karatasi moja yenye ratiba yako: mji, tarehe, mahali pa kulala. Dola zako ziwe za toleo la karibuni, zisizochanika wala kuandikwa kalamu, na nyingi ziwe za 1, 5 na 10. Noti za kabla ya 2006 hukataliwa karibu kila mahali, na Zimbabwe, ambako dola ya Marekani hutumika madukani, chenji ni taabu.

Siku 90 za Afrika Kusini

Hii ndiyo nchi inayoadhibu kuchelewa kwa ukali kuliko zote njiani. Siku 90 za Mtanzania na Mkenya ni za mwaka, kwa jumla. Ukikaa siku 20 Januari, ukarudi nyumbani, ukaja tena Agosti, umebakiwa na 70. Kutoka kidogo kwenda nchi ya jirani, kama Lesotho, na kurudi siku ileile hakukupi siku mpya. Kwa kawaida unarudishiwa zilizobaki.

Aliyezidisha siku hatozwi faini dirishani akaondoka. Hutangazwa kuwa mtu asiyetakiwa. Akizidisha chini ya siku 30, hafai kurudi kwa miezi 12. Akirudia kosa hilo ndani ya miezi 24, ni miaka 2. Akizidisha zaidi ya siku 30, ni miaka 5. Anaweza kukata rufaa kwa maandishi ndani ya siku 10 za kazi, akiwa na ushahidi kama barua ya hospitali au ripoti ya ajali, lakini anaandika rufaa hiyo akiwa tayari ameshatoka. Kwa hiyo akiba ya siku 3 tuliyoitaja mwanzo, hapa ifanye 7. Ukilazwa hospitali, mtu wako aende ofisi ya uhamiaji na barua ya daktari wakati siku zako bado zipo.

Anayesafiri na mtoto abebe cheti cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi wote wawili, na barua ya idhini ya mzazi asiyekuwepo, yenye namba ya kitambulisho chake na simu inayopokelewa.

Vilivyomo ndani ya begi

Baadhi ya vitu vina masharti kama ya karatasi. Zambia ina udhibiti mkali wa dawa, na watu wamewahi kukamatwa kwa kubeba dawa za mafua na mzio zenye difenihidramini, ambazo kwingine huuzwa bila cheti. Dawa za maumivu zenye kodini nazo ni hivyo. Soma maandishi madogo ya pakiti. Dawa unayoihitaji kweli ibaki kwenye kopo lake lenye lebo, pamoja na barua ya daktari yenye jina la kitaalamu la dawa na kipimo.

Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Rwanda tangu 2008, Kenya tangu Agosti 2017 na Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, na wanaopanga nguo kwa mifuko hiyo hufunguliwa begi zima. Tumia mifuko ya kitambaa. Nguo na mabegi ya mabaka ya kijeshi yaache nyumbani, maana Zambia na Zimbabwe ni kosa raia kuyavaa. Ukipitia Botswana, nyama mbichi na maziwa huchukuliwa kwenye vizuizi vya mifugo, na viatu hukanyagishwa dawa kwa ajili ya ugonjwa wa miguu na midomo. Toa viatu vyote, hata vilivyofungwa nje ya begi.

Tovuti ya kuuliza masharti iwe ya serikali yenyewe. Anwani za kweli huishia na .go.tz, .go.ke, .gov.zm, .gov.zw au .gov.za. Zipo nyingine zenye bendera na nembo zinazofanana, zinazotoza mara mbili kwa fomu ambayo serikali huitoa kwa bei nafuu au bure, na pasipoti yako ikishapakiwa humo hujui inakwenda wapi.

Pasipoti ikipotea

Kabla ya kuondoka piga nakala ya ukurasa wa picha, kadi ya njano na kitambulisho. Nakala 2 za karatasi zikae mahali tofauti na pasipoti, picha moja ibaki kwenye simu bila kutegemea intaneti, na moja kwa mtu wa nyumbani. Kisha, kila mpaka unaoupita, piga picha muhuri mpya kabla hujaondoka kwenye jengo. Wengi wana nakala ya ukurasa wa kwanza na hawana ya muhuri wa mwisho, ambao ndio unaothibitisha kwamba uliingia kihalali na una siku ngapi.

Pasipoti ikipotea, anza polisi upate taarifa ya maandishi yenye namba. Pili nenda ubalozini. Tanzania na Kenya zote zina balozi Lusaka, Harare na Pretoria. Huko utapewa hati ya dharura ya kusafiria, ambayo kwa kawaida ni ya kurudi nyumbani tu, kwa hiyo hesabu kwamba safari ya mbele imeishia hapo. Hatua ya tatu ndiyo inayosahaulika: hati mpya haina muhuri wa kuingia. Nenda ofisi ya uhamiaji ya mji huo na taarifa ya polisi, hati ya dharura na ile picha ya muhuri, uombe muhuri au barua ya kuthibitisha kuingia kwako kabla hujapanda basi la mpakani. Angalia pia nchi utakazopita kurudi. Hati ya dharura iliyotolewa Pretoria italazimika kupita Zimbabwe na Zambia kabla ya kufika Tunduma, na kadi yako ya njano, ikiwa ilikuwa kwenye mfuko uleule ulioibiwa, itaulizwa tena njiani. Ndiyo maana kadi hukaa mfuko wa pili, mbali na pasipoti, tangu siku ya kwanza.